Mwezini hakuna maji wala upepo. Sasa hao wenzetu watachenjulia nini?

#1 KaraiLaTiira
Habari zenu wadau. Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huku Busia, upande wa Tiira. Kazi yangu ni ya mwaloni: jiwe likishasagwa karashani tunamwaga ule unga juu ya ubao wenye zulia, maji yanapita, kizito kinabaki, uchafu unateremka. Miaka kumi na moja nakula kwa njia hiyo.

Jana mtoto wa dada yangu, yuko sinia ya tatu ya sekondari, ananiambia Wamarekani na Wachina wanajiandaa kuuchimba udongo wa Mwezi, wautenganishe, watoe madini ya kuwapa oksijeni na chuma, watumie hukohuko juu. Nikamuuliza, maji watayatoa wapi? Hakuna. Nikasema basi watapepeta, kama bibi yako anavyopepeta ulezi. Akacheka: "Mjomba, hakuna hewa kule."

Usingizi ulikata. Mtu ukininyima maji, ukininyima na upepo, mimi nafunga virago. Anayejua aseme, ila asilete porojo.

#2 BodaWaJinja
Zebaki.

#3 KaraiLaTiira
Zebaki hukamata dhahabu, ndugu yangu, na wengine huku imeshawatetemesha mikono. Nimeuliza swali la maana.

#4 MwalimuTororo
Mjomba, kijana wako yuko sahihi. Ungo unafanya kazi kwa sababu hewa hulisukuma kapi kuliko punje. Ondoa hewa, kapi na punje vinashuka pamoja. Mwaka 1971 mwanaanga Mmarekani David Scott, wa safari ya Apollo 15, alidondosha nyundo na unyoya palepale Mwezini, vikafika chini kwa wakati mmoja. Bibi na ungo wake wabaki nyumbani.

Njia zilizobaki ni chekeche, sumaku na umeme tuli. Madini yanayotajwa sana ni ilmenaiti: chuma, titani na oksijeni ndani ya chembe moja nyeusi. Ni nzito mara 4.7 kuliko maji, wakati feldispa, yale madini meupe yaliyochanganyika nayo, haifiki 3. Ukiipasha moto pamoja na hidrojeni, nyuzi 900 hadi 1,000 hivi za Selsiasi, unapata mvuke wa maji. Maji hayo unayapasua kwa umeme, oksijeni unaiweka, hidrojeni inarudi tanuruni kufanya kazi tena. Na ilmenaiti huvutwa na sumaku. Kwisha habari.

#5 KaraiLaTiira
Asante mwalimu. Chembe nyeusi nzito inayovutwa na sumaku… sisi tunayo! Ule mchanga mweusi unaobaki na dhahabu kwenye karai. Tunautoa kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa.

#6 MchangaWaKwale
Nawasalimu kutoka pwani ya Kenya. Mwalimu, habari haijaisha. Nilifanya kazi kwenye mchanga mweusi wa Kwale mpaka uchimbaji uliposimama mwisho wa 2024, na ilmenaiti ndiyo ilikuwa ugali wetu.

Kwanza, Karai, mchanga wako mweusi unaorukia sumaku ya spika mara nyingi ni magnetaiti, madini mengine ya chuma. Ilmenaiti ni mvivu, inataka sumaku kali kwelikweli. Pili, hata sisi tulianza na maji: mchanga ukizungushwa kwenye mabomba ya mzunguko, kizito kinakaa ndani, chepesi kinakwenda nje. Ndipo tunakausha, ndipo sumaku, ndipo umeme.

Hatua ya umeme ndiyo ya kumjibu mwenye uzi. Kuna ngoma ya chuma inazunguka, juu yake waya wenye umeme mkali. Chembe zote zinapakwa chaji. Rutaili, madini mengine ya titani, hupitisha umeme, kwa hiyo inaipoteza chaji mara moja na kurushwa mbele. Zirkoni, madini mengine ya mchanga huohuo, haipitishi, inaing'ang'ania ngoma mpaka ipigwe brashi. Hapo hapana tone la maji. Tena adui yetu mkubwa alikuwa unyevu, siku za mvua kila kitu kilishikana. Nikisikia mahali pasipo na unyevu hata chembe naona wivu.

#7 BintiArua
Kwa hiyo Mwezi ni Kwale isiyo na samaki 😂

#8 MaweNaMimi
Nimesoma jiolojia, nafundisha kidogo, nachimba kidogo. Mwalimu (#4) ameruka shimo moja kubwa.

Udongo wa Mwezi haujawahi kuoshwa na mto. Mchanga wa Kwale umesuguliwa na maji miaka mamilioni, kila chembe iko peke yake, imeviringika. Kule juu kazi yote imefanywa na vimondo. Vile vidogo kabisa, vya ukubwa wa vumbi, vinapiga kwa kasi ya kutisha, vinayeyusha mahali vilipopiga, na kioo kinachotokea kinazigandisha chembe za jirani kuwa kibonge kimoja chenye makona. Udongo uliokaa juu muda mrefu, nusu yake na zaidi inaweza kuwa vibonge hivyo. Ndani ya kioo mna chuma tupu, vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Sasa lete sumaku. Itakachokamata kwanza ni kibonge cha kioo chenye chuma, maana chuma tupu huvutwa kuliko ilmenaiti. Umekusanya takataka. Na ilmenaiti yenyewe nyingine imefungiwa ndani ya kibonge, haitoki mpaka usage. Nyumbani Uganda tungesema dhahabu iko ndani ya jiwe, bado haijaachia.

#9 MwalimuTororo
Nakubali kusahihishwa. Lakini si uanze na sumaku dhaifu kutoa vibonge, kisha kali kutoa ilmenaiti?

#10 MchangaWaKwale
Ndivyo ningefanya na mimi. Sumaku mbili, kisha umeme.

#11 MaweNaMimi
Kwenye karatasi ni sawa. Tatizo vibonge havilingani, kimoja kina chuma kingi, kingine kidogo, na chenye chuma kidogo kinavutwa sawasawa na ilmenaiti safi. Vinakutana njiani.

#12 KijanaWaMbarara
Si Apollo walishaleta tani mbili za huo udongo? Wajaribu nao hapa chini wamalize ubishi.

#13 MaweNaMimi
Tani mbili umezitoa wapi ssebo? Apollo zote sita zilizotua, 1969 hadi 1972, zilirudi na kilo 382, mawe na udongo pamoja. Wachina walileta gramu 1,731 mwaka 2020 kwa chombo chao Chang'e 5, na gramu 1,935 mwaka 2024 kwa Chang'e 6, hizi za pili kutoka upande wa Mwezi tusiouona. Kitu kama hicho huwezi kukimwaga karashani ujaribu bahati. Majaribio mengi hufanywa kwa udongo wa kuigiza, uliosagwa kutoka miamba ya volkeno ya hapa duniani. Unafanana, lakini hauna vile vitone vya chuma kama wenyewe, ndiyo maana mashine ikifaulu maabara mimi sishangilii haraka.

#14 MamaKinu
Nina kinu cha kusaga mahindi Mbale, mambo ya Mwezi siyajui. Ila nauliza: huo udongo ni laini kiasi gani?

#15 MaweNaMimi
Mama, wastani wa chembe ni kama sehemu ya kumi na nne ya milimita, na sehemu kubwa ni laini kuliko hapo. Fikiria unga, lakini unga wa vioo vilivyovunjika.

#16 MamaKinu
Basi mnabishana juu ya sumaku na shida iko mlangoni. Unga laini haushuki. Kila mwenye kinu anajua: unamwaga kwenye faneli, unajenga daraja hapo juu ya tundu, unakaa. Unagonga kwa rungu ndipo uporomoke. Faneli yangu imebonyea pande zote. Na huo wangu unavutwa na dunia nzima! Huko mnasema mvutano ni mdogo.

#17 MwalimuTororo
Mama Kinu ametupiga bao. Mvutano kule ni sehemu ya sita ya hapa. Ule uzito unaoporomosha unga umepungua mara sita, lakini kule kunatana kwa chembe hakujapungua. Tena hizo zina makona ya kukwaruza na zimepata chaji kutokana na jua. Apollo 17 walilalamika: vumbi liliganda kwenye suti, likala vitambaa vya glavu, likaingia nao chomboni. Walisema lina harufu ya baruti.

#18 BodaWaJinja
Kwa hiyo kazi ya kwanza Mwezini ni kijana wa kugonga faneli. Natuma maombi.

#19 MchangaWaKwale
Usicheke, kutikisa ni fani. Ukitikisa karanga kwenye sinia kubwa zinapanda juu, ndogo zinazama. Hakuna hewa wala maji hapo, mtikiso tu. Kwa nini wasitenganishe kwa mtikiso?

#20 MaweNaMimi
Huo unatenganisha kwa ukubwa zaidi kuliko kwa uzito. Ilmenaiti na feldispa za ukubwa mmoja zitabaki zimechanganyika.

#21 MchangaWaKwale
Baada ya kuchekecha kwanza, ukubwa unakuwa mmoja, uzito unaanza kusema. Siondoki hapo.

#22 MjukuuWaKilembe
Nimesoma wote. Swali langu ni la nyuma zaidi: kwa nini mtenganishe?

Babu yangu alifanya kazi mgodi wa Kilembe. Shaba ya pale ilisagwa, ikapandishwa kwa povu, kile kilichokusanywa kikapakiwa treni kutoka Kasese hadi Jinja, kwenye tanuru. Walitenganisha kwanza kwa sababu mbili: treni isibebe mawe ya bure, na tanuru lisile umeme wa Owen Falls kuyeyusha uchafu. Mwezini treni hakuna. Tanuru unaliweka pembeni ya shimo. Na oksijeni iko kila mahali, asilimia 40 na zaidi ya uzito wa udongo wote, iwe feldispa, iwe kioo. Yeyusha vyote kwenye nyuzi 1,600 hivi, pitisha umeme, oksijeni inatoka juu, chuma kinakaa chini. Sumaku ya nini?

#23 MwalimuTororo
Na umeme utatoka wapi? Usiku wa Mwezi ni kama siku 14 zetu. Tanuru likizimika katikati, mawe yaliyoyeyuka yanaganda humohumo na vyuma vyako vya kupitishia umeme.

#24 MjukuuWaKilembe
Ilmenaiti nayo si inataka nyuzi 900? Giza ni lilelile.

#25 MwalimuTororo
900 si 1,600. Na unapasha kidogo ulichochagua, si shamba zima. Hiyo ndiyo sababu yako ya pili ya Kilembe, umeisema mwenyewe.

#26 BintiArua
Mjukuu amejifunga goli 😂😂

#27 MjukuuWaKilembe
Sijajifunga. Wapo wanaokwenda katikati: shirika la anga la Ulaya, ESA, mwaka 2020 lilifungua mtambo wa majaribio kule Noordwijk, Uholanzi. Unatumbukiza udongo kwenye chumvi ya kalsiamu iliyoyeyuka, nyuzi 950, oksijeni inatolewa kwa umeme, unabaki na mchanganyiko wa metali. Hawachagui chembe. Na NASA mwaka 2023 walitoa oksijeni kwenye udongo wa kuigiza ndani ya chumba cha ombwe, yaani kisicho na hewa, wakiuyeyusha kwa mwanga wa leza na kutumia kaboni. Nao hawakusubiri ilmenaiti.

#28 MaweNaMimi
Chumvi hiyo unaipeleka kutoka duniani, na inayobaki kwenye metali inabidi uioshe. Kwa maji gani?

Ila namsaidia Mjukuu kwa jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Ilmenaiti iko kwenye yale mabaka meusi ya Mwezi, "bahari" kavu zenye lava. Apollo 11 na Apollo 17 walitua penye titani nyingi. Huko udongo unaweza kufika sehemu moja ya kumi ilmenaiti. Sasa wote hawa wanakimbilia wapi leo? Ncha ya kusini, kwa sababu ya barafu. Na ncha ya kusini ni nyanda za juu, feldispa tupu, ilmenaiti haifiki hata asilimia 1. Unabeba sumaku zako unakwenda kuvua samaki Karamoja.

#29 KaraiLaTiira
Mimi mwenye uzi nimekaa na kalamu na kijana wangu. Sahihisheni.

Ilmenaiti kilo 100, hidrojeni inachomoa oksijeni kilo 10 na nusu tu. Mtu mmoja anavuta kama gramu 840 kwa siku. Kwa hiyo ilmenaiti kilo 8 kwa mtu kwa siku. Kama udongo una sehemu moja ya kumi, ni kilo 80 za udongo. Ndoo nne za kilo ishirini! Tena kijana anasema kule zinabebeka kama kilo 13. Banange, mimi hizo ndoo nazisafisha kabla ya chai. Shida iko wapi?

#30 MwalimuTororo
Hesabu ni safi, mpe kijana soda. Ila umehesabu kana kwamba hupotezi chembe hata moja. Mwaloni unapoteza kiasi gani?

#31 KaraiLaTiira
Mwalimu, hayo si ya kuulizana hadharani. Wanaonunua marudio yetu, ule mchanga tulioshaosha, ndio wanaojenga maghorofa.

#32 MaweNaMimi
Na kupumua ni kazi ndogo. Njaa kubwa ni ya roketi. Inayochoma hidrojeni na oksijeni, karibu sehemu sita kwa saba za uzito wa mafuta ni oksijeni. Hapo si ndoo nne tena, ni tani kwa tani.

#33 HajatiWaMengo
Hiyo barafu mnaitaja na kuipita. Kama maji yapo, muuliza swali si apewe maji yake aoshe?

#34 MwalimuTororo
Hajati, yapo. Tarehe 9 Oktoba 2009 Wamarekani waligongesha kipande cha roketi kwenye shimo la Cabeus lisilopata jua, na chombo cha LCROSS kikapima kilichorushwa juu: maji kama asilimia 5.6 ya uzito. Lakini yako mahali penye baridi inayopita nyuzi 200 chini ya sifuri, ni magumu kama zege. Ukiyamwaga juani kwenye ombwe yanaondoka mvuke kabla hayajafika zuliani. Utaosha ndani ya kopo lililofungwa. Na ukishayapata, afadhali uyanywe au uyapasue, kuliko kuoshea mchanga.

#35 KaraiLaTiira
Kuoshea mchanga maji ya kunywa, sisi huku tumeshafanya. Tuliambiwa tuache.

#36 HajatiWaMengo
Na mkishauchimba wote, sisi Idi tutaandamiwa na nini?

#37 BintiArua
Hajati una hofu! Mwezi una upana wa kilomita 3,474. Hata Busia, Mubende na Buhweju wote wahamie huko na karai, mwandamo utauona. Labda kugombana tu kama kawaida, nani kauona na nani hajauona.

#38 KijanaWaMbarara
Mwenye shamba ni nani lakini? Nani anatoa leseni?

#39 MjukuuWaKilembe
Mkataba wa kimataifa wa anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuumiliki Mwezi. Marekani wakatunga sheria 2015, Luxembourg 2017: ardhi si yako, ila ulichochimba ni chako. Mwaka 2020 NASA waliingia mkataba na kampuni ya Lunar Outpost kununua udongo wa Mwezi kwa dola 1.

#40 BodaWaJinja
Dola 1?? Mnunuzi wa Tiira kahamia NASA.

#41 KaraiLaTiira
😂😂 Huyo namjua, na mizani yake naijua.

#42 MamaKinu
Kuna mtu alisema cobalti ya Kasese ilitolewa na wadudu. Wadudu hao hawawezi huko?

#43 MjukuuWaKilembe
Hakuna aliyesema bado Mama, ila ni kweli. Taka za Kilembe zilikuwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa, yenye cobalti, na baadaye Kasese walitumia bakteria kuila na kuiachia cobalti kwenye maji. Na mwaka 2019 kwenye kituo cha anga cha kimataifa walijaribu bakteria kwenye jiwe la volkeno, aina moja ikatoa madini adimu bila kujali mvutano. Kwa hiyo wasitenganishe kwa sumaku wala umeme, wafuge.

#44 MaweNaMimi
Bakteria wanataka maji, joto la wastani na chakula. Tumerudi #1.

#45 KijanaWaMbarara
Uganda tulisharusha setilaiti 2020, tusijidharau.

#46 MwalimuTororo
PearlAfricaSat-1 ilirushwa Novemba 2022, si 2020. Na ilikuwa ya kupiga picha za dunia, si ya kuchimba.

#47 KaraiLaTiira
Wadau, jana sikwenda mwaloni, nilifanya jaribio. Nimechukua mchanga uliobaki kwenye karai, mweusi na mweupe umechanganyika. Nimeukaanga juu ya sigiri mpaka ukakauka kabisa. Nikasugua bomba la plastiki kwa blanketi, nikalishusha juu yake.

Kwanza ulipokuwa bado vuguvugu na mvuke, vyote viliganda pamoja. Mchangawakwale alisema kuhusu unyevu, ni kweli tupu. Nikakaanga tena. Safari hii mweupe ulirukia bomba ukang'ang'ania. Mweusi ulirukia, ukagusa, ukarushwa chini! Unaruka unarudi kama panzi. Nikafanya mara ya tatu, nne, chini pakabaki peusi kuliko mwanzo. Si safi, ila peusi. Bila maji. Nilikaa nikiangalia bomba mpaka makaa yakazimika.

#48 MchangaWaKwale
Ndiyo hiyo! Mweusi unapitisha umeme, unapokea chaji ya bomba, vinachukiana. Mweupe haupokei. Sasa fikiria hakuna hewa ya kuuyumbisha wala unyevu wa kuugandisha.

#49 MaweNaMimi
Hongera, kweli. Lakini mchanga wako ni mkubwa na umeoshwa na mto. Saga kidogo chupa, changanya na unga laini kabisa wa karashani, urudie. Utaona mweusi na mweupe wanavyobebana.

#50 MwalimuTororo
Na upime uzito kabla na baada, ili tujue unapoteza kiasi gani.

#51 KaraiLaTiira
Mizani iko kwa yule wa dola 1. Na kikaango kilikuwa cha chapati, mwenyewe amerudi sokoni sasa hivi. Nitawajibu jioni.

#52 MamaKinu
Usilale nje. Na faneli usiisahau.